Taa za LED za kutengeneza nyumbani: Chunguza umeme kabla ya kutupa taa

TAA ya LED iliyotengenezwa nyumbani inapozimika, lawama ya kwanza huangukia taa yenyewe. Huondolewa, hutupwa na nyingine hununuliwa. Baada ya majuma machache hiyo nayo huzimika.

Mara nyingi taa iliyotupwa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye umeme unaoilisha: adapta isiyolingana na mzigo, betri iliyochoka, waya mwembamba kupita kiasi, au rezista iliyochaguliwa kwa kubahatisha.

Suala hili si dogo kwa wakazi wa mijini. Mgawo wa umeme ulioikumba Tanzania mwaka 2006 na tena mwaka 2011 uliwafundisha wengi kujitegemea kwa mwanga, na leo ni jambo la kawaida kukuta kibanda cha biashara, banda la kuku au chumba cha kusomea kikiangazwa na utepe wa LED uliounganishwa na betri ya pikipiki au adapta ya kompyuta iliyoharibika.

Ubovu usiotafutiwa chanzo humgharimu mwenye nyumba mara mbili. Kwanza ni fedha ya kununua taa ile ile kila mara. Pili ni hatari ya moto, kwa kuwa adapta iliyozidiwa na waya unaochemka haviwi salama kwa sababu tu taa mpya imefungwa.

LED hutawaliwa na mkondo

LED ni diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hutoa mwanga umeme unapopita. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric ya Marekani.

Mwanga mweupe ulichelewa hadi ilipopatikana LED ya bluu yenye nguvu ya kutosha, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe za kawaida ni LED za bluu zilizopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, na macho huuona mchanganyiko wake kuwa mweupe.

Tofauti hiyo ina maana kwa fundi wa nyumbani. LED nyekundu huhitaji takriban volti 2, wakati nyeupe huhitaji kati ya volti 3 na 3.4. Zikichanganywa kwenye njia moja sambamba, nyekundu hunyakua karibu umeme wote na nyeupe hubaki gizani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Balbu ya zamani ya waya ilijizuia yenyewe, kwa kuwa ukinzani wa waya wake uliongezeka kadiri ulivyopata joto. LED haina breki hiyo. Volti ikipanda kidogo tu, mkondo hupanda sana, joto huongezeka, na joto hilo huruhusu mkondo mwingi zaidi kupita.

Kwa sababu hiyo, kila LED huhitaji kitu cha kuuwekea mkondo mpaka. Katika taa ndogo kitu hicho ni rezista, na katika taa kubwa ni draiva, ambayo ni adapta maalumu inayotoa mkondo usiobadilika. Karibu kila ubovu wa umeme katika taa hizi unahusu mpaka huo: haupo, umewekwa pasipo hesabu, au umeharibika.

Tahadhari kabla ya kugusa

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na kilele cha wimbi lake hufikia volti 325. Hakuna uchunguzi wowote unaopaswa kufanywa ndani ya adapta au draiva ikiwa bado imechomekwa ukutani.

Hata baada ya kuchomolewa, kapasita kubwa iliyomo ndani huweza kubaki na chaji inayotosha kuumiza. Inafaa kusubiri dakika kadhaa, kisha kuthibitisha kwa mita kwamba volti zimeshuka hadi karibu na sifuri.

Betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti kwa kawaida, lakini nayo si ya kuchezewa. Nyaya zake zikigusana, hupitisha mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha ganda la waya na kuwasha moto katika sekunde chache. Fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kwa taa inayokula ampea 2, fyuzi ya ampea 3 inatosha, mradi waya wenyewe uwe na uwezo wa kubeba zaidi ya hapo.

Aidha, kazi yoyote inayogusa mfumo wa nyaya za nyumba, ikiwamo swichi za ukutani na kisanduku kikuu, ni ya fundi mwenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Pima sehemu tatu

Kifaa muhimu kuliko vyote ni mita ya fundi, ile inayopima volti, ampea na omu. Ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii.

Uchunguzi huanza kwa macho na pua. Harufu ya plastiki iliyoungua, kapasita iliyovimba kichwani, risasi ya kulehemu iliyopasuka, kutu ya kijani kwenye viungio, au waya uliobadilika rangi ni ushahidi wa kutosha kuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kuitenga taa na kuipima adapta ikiwa peke yake. Adapta ya kisasa ya volti 12 inapaswa kuonyesha namba iliyo karibu sana na 12. Ile ya zamani, nzito, yenye transfoma ya chuma, huweza kuonyesha volti 16 au zaidi ikiwa haina mzigo. Huo si ubovu, bali ni dalili kwamba adapta hiyo haidhibiti volti zake na haifai kulisha LED moja kwa moja.

Hatua ya tatu ndiyo inayofichua mengi. Taa huunganishwa tena na kuwashwa, kisha volti hupimwa sehemu tatu: kwenye mdomo wa adapta, mwanzoni mwa taa, na mwishoni mwa taa.

Volti zikiporomoka kwenye mdomo wa adapta, adapta imezidiwa au imechoka. Zikiwa nzuri hapo lakini pungufu mwanzoni mwa taa, kosa ni la waya au kiungio cha katikati. Zikiwa nzuri mwanzoni na pungufu mwishoni, utepe ni mrefu kuliko unavyoweza kulishwa kutoka upande mmoja. Zikiwa nzuri kote na bado hakuna mwanga, hapo ndipo LED zenyewe zinapopaswa kushukiwa.

Ili kuipima LED moja, betri ya volti 9 na rezista ya omu 1,000 hutosha. Mkondo utakaopita ni kama miliampea 6, ambao hauwezi kuiunguza. Isipowaka, igeuzwe upande wa pili kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu LED iliyowekwa kinyume haiwaki hata ikiwa nzima.

Tahadhari moja inahusu mita yenyewe. Inapowekwa kwenye ampea, huwa kama kipande cha waya mtupu. Ikigusishwa kwenye chanya na hasi za betri katika hali hiyo, husababisha shoti. Baada ya kupima ampea, waya wa mita urudishwe mara moja kwenye tundu la volti.

Taa inawaka na kuzimika

Taa inayowaka, ikazimika na kuwaka tena kila baada ya sekunde moja au mbili kwa kawaida inalishwa na adapta iliyozidiwa. Adapta za kisasa zina kinga ya ndani: mzigo ukizidi, hujizima, hupumzika, kisha hujaribu tena. Hali hiyo hujirudia bila kukoma.

Jawabu liko kwenye hesabu. Utepe wa volti 12 unaotumia wati 4.8 kwa mita, ukiwa na urefu wa mita 5, huhitaji wati 24, sawa na ampea 2. Utepe wenye LED kubwa zaidi, unaotumia wati 14.4 kwa mita, huhitaji wati 72 kwa urefu huo huo, yaani ampea 6.

Tepe hizo mbili hufanana machoni pa mnunuzi, na adapta ya ampea 2 inayoimudu ya kwanza haiwezi hata nusu ya mzigo wa ya pili. Inashauriwa adapta iwe na uwezo unaozidi mahitaji kwa angalau asilimia 20.

Kupepesa kwa kasi ni jambo jingine. Umeme wa gridi hubadilika mara 50 kwa sekunde, na ukipitishwa kwenye diodi nne za kuunyoosha hutoka ukiwa na mapigo 100 kwa sekunde. Kazi ya kapasita ni kuyasawazisha mapigo hayo. Ikikauka au ikiwa haipo, taa hupepesa kiasi cha kuchosha macho na kuumiza kichwa, hata kama mtu haoni waziwazi.

Kamera ya simu husaidia kugundua hali hiyo. Taa ikitazamwa kupitia kamera na mistari myeusi ikaonekana ikitembea juu ya picha, mwanga huo unapepesa. Ieleweke, hata hivyo, kwamba taa yenye kifaa cha kupunguza mwanga nayo huweza kuonyesha mistari hiyo bila kuwa mbovu. Kadhalika, swichi za zamani za kupunguza mwanga wa balbu za waya mara nyingi hazipatani na LED, na ni chanzo kingine cha kupepesa.

Mwanga hafifu upande mmoja

Utepe unaong'aa mwanzoni na kufifia mwishoni unapoteza volti njiani. Njia za shaba ndani ya utepe ni nyembamba sana, na waya wa kuutoa umeme kwenye betri nao huweza kuwa sehemu ya tatizo.

Mfano unatosha kuonyesha ukubwa wake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ukitumika kati ya betri na taa iliyo umbali wa mita 10, una ukinzani wa karibu omu 0.46 kwenda na kurudi. Taa ikila ampea 2, karibu volti 0.9 hupotea kabla ya kufika. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupunguza upotevu huo kwa nusu.

Tiba yake ni kutumia waya mnene zaidi, kuusogeza umeme karibu na taa, au kuulisha utepe kutoka ncha zote mbili. Kuongeza volti ili kufidia mwishoni ni kosa, kwa kuwa LED za mwanzoni ndizo zitakazoungua.

Ikiwa taa nzima hufifia dakika chache baada ya kuwashwa, betri ichunguzwe. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6 au 12.7. Betri mbovu huweza kuonyesha namba hiyo hiyo ikiwa haina mzigo, lakini ikaporomoka chini ya volti 11 mara tu taa inapowashwa. Kwa hiyo ipimwe ikiwa kazini.

LED zinaungua mapema

Hapa ndipo hesabu ya rezista inapobeba lawama. Chukulia LED tatu nyeupe zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikihitaji volti 3.2 na miliampea 20, zikilishwa na betri ya volti 12. LED hizo huchukua volti 9.6 na kubakiza volti 2.4. Ukigawanya 2.4 kwa ampea 0.02 unapata rezista ya omu 120, na kwenye karatasi hesabu imekamilika.

Betri, hata hivyo, haikai kwenye volti 12. Inapochajiwa na jua au injini, hufikia volti 14.4. Wakati huo volti zinazobaki kwa rezista ni 4.8 na mkondo hupanda hadi karibu miliampea 40, maradufu ya kiwango kinachostahili. LED hizo huungua mchana, wakati wa kuchaji, na mwenye nyumba hushangaa usiku.

Hesabu salama hufanywa kwa volti za juu kabisa. Rezista ya omu 240 hutoa miliampea 20 betri ikiwa kwenye volti 14.4, na miliampea 10 ikiwa kwenye volti 12. Mwanga hupungua kidogo, lakini taa hudumu.

Kosa la aina hiyo hiyo ni kulisha utepe wa volti 12 kwa adapta ya kompyuta mpakato, ambazo nyingi hutoa volti 19. Taa huwaka kwa mng'ao wa kuvutia, na ndiyo maana wengi hudhani wamepata mbinu nzuri. Mng'ao huo ni dalili ya kuungua.

Vivyo hivyo, transfoma iliyoandikwa volti 12 hutoa takriban volti 15.5 baada ya kupitishwa kwenye diodi na kapasita, kwa sababu kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi.

Kosa jingine ni kuunganisha LED nyingi sambamba zikitegemea rezista moja. LED hazilingani kabisa hata zikitoka kwenye pakiti moja. Moja huchukua mkondo mwingi kuliko wenzake, hupata joto, huchukua zaidi na kuungua. Ikikatika, mzigo wake huangukia zilizobaki, nazo huanguka moja baada ya nyingine. Kila mfululizo unapaswa kuwa na rezista yake.

Kwa wanaotumia draiva za mkondo usiobadilika, kanuni ni mbili. Kwanza, jumla ya volti za LED iangukie ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye draiva. Pili, LED ziunganishwe kabla ya draiva kuwashwa. Draiva iliyowashwa bila mzigo hupandisha volti zake hadi kikomo, na LED zikigusishwa wakati huo hupokea pigo la ghafla linaloweza kuziua.

Swichi imezimwa, taa bado inang'aa

Taa inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa huwatia wengi hofu. Sababu yake mara nyingi ni swichi iliyofungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, au swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo. Mkondo mdogo sana hupenya, na LED huhitaji kidogo tu ili iwake.

Hali ya kwanza ni ya hatari, kwa kuwa taa hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na anayeibadilisha huweza kupigwa shoti. Fundi mwenye leseni anapaswa kuihamishia swichi kwenye waya wa moto.

Taa zisizo na transfoma

Zipo taa za bei nafuu, na michoro ya kutengeneza taa, zinazotumia kapasita moja kupunguza umeme wa ukutani badala ya transfoma. Kapasita ya mikrofaradi 0.47 kwenye volti 230 huruhusu takriban miliampea 34, kiasi kinachotosha mfululizo wa LED ndogo.

Sakiti hiyo hufanya kazi, lakini haimtengi mtumiaji na gridi. Kila sehemu yake, ikiwamo miguu ya LED, huweza kuwa na umeme wa kuua, hata kama mita ikiwekwa kati ya miguu hiyo inaonyesha volti chache. Haifai kuchunguzwa ikiwa imewashwa, wala kutumiwa mahali penye maji au kwenye kasha la chuma, wala kuachwa wazi mahali ambapo mtoto anaweza kuigusa. Anayejifunza kutengeneza taa anashauriwa kuanza na adapta iliyofungwa kiwandani ya volti 5 au 12.

Joto ni adui wa kimya

Adapta nyingi hufa kwa sababu ya mahali zilipowekwa. Kapasita za ndani zina kimiminika kinachokauka kwa joto, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza maisha yake kwa takriban nusu.

Adapta iliyofichwa juu ya dari, chini ya bati, katika mji wenye joto kama Dar es Salaam, haiwezi kudumu sawa na ile iliyowekwa ukutani penye hewa. Ikiwa mkono hauwezi kubaki juu ya kasha lake, imezidiwa au imekosa hewa, na ihamishwe kabla haijaharibika.

Zote hizi ni kasoro zinazopatikana kwa mita moja, kalamu na subira ya nusu saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye taa ya kujitengenezea, ufa huo ni ile tofauti ya volti chache kati ya mdomo wa adapta na mwisho wa utepe. Atakayeipima kabla ya kwenda dukani huenda akagundua kwamba kinachohitajika si taa mpya, bali waya mnene zaidi au rezista moja ya thamani sahihi.